Mlinzi wa Ukimya

Mtu mmoja alifundisha udereva kwa miaka mingi hata mguu wake wa kulia ukaacha kumtii. Magari ya kufundishia, kwa asiyeyajua, yana breki mbili: moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na mwalimu anayetamani kuwaona wajukuu zake haondoi mguu juu ya ile yake. Sasa mguu ukishazoea hivyo, haujui tena saa za kazi wala saa za mapumziko. Alikanyaga breki mezani mgeni alipojichotea mchuzi kupita kiasi. Alikanyaga breki kitandani, akamchubua mkewe muundi. Alikanyaga breki kwenye harusi ya mpwa wake, pale bwana harusi alipofungua kinywa kusema ndiyo, na wote waliokaa naye benchi moja waliruka kidogo. Wanafunzi walimpa jina la Breki, na sisi tutamwita hivyo hivyo, maana mwenyewe alishalizoea.

Breki alikuwa pia mwandishi. Nasema alikuwa mwandishi kwa sababu ndivyo alivyosema yeye, mkewe akamwamini, na mimi si mtu wa kuingilia ndoa za watu. Ugonjwa ulimwanzia kazini. Kila baada ya somo mwalimu alitakiwa kuandika maneno mawili matatu juu ya mwanafunzi, na wenzake waliandika "anaendelea vizuri" au "kona bado". Breki aliandika kwamba mwanafunzi alikata kona kama mtu aliyekumbuka ghafla kuwa ameacha jiko linawaka, na kwamba taa nyekundu ilipomsimamisha alionewa huruma hata na wapita njia. Mwenye shule alimwita ofisini, akamsomea maneno yake mwenyewe kwa sauti kavu, kisha akasema, "Mwalimu, haya mambo kaandikie nyumbani kwako." Basi Breki akaenda kuyaandikia nyumbani kwake.

Alianza riwaya ya mapenzi. Kwa muda mrefu haikumsumbua mtu yeyote, wala hakuna aliyeisumbua. Kisha akapiga moyo konde, akapeleka nusu ya kwanza kwa mchapishaji, na haukupita muda mhariri akampigia simu. Mama yule aliongea haraka haraka, kama mtu mwenye simu nyingine mkononi. Alisema ameipenda, anataka nusu iliyobaki mwisho wa mwezi, nafasi iko moja tu, na Breki akichelewa anampa mwingine. Mke wa Breki, aliyekuwa ametegesha sikio, hakungoja hata simu ikatwe. Jioni ile ile mwenye duka alijua, kinyozi alijua, na shangazi wa kinyozi aliyekaa mbali naye alijua. Tangu waoane mwanamke huyu alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe ni mwandishi, na kuna waliokuwa wakimtazama kwa huruma. Sasa angewaonyesha.

Tatizo lilikuwa moja. Nusu ya kwanza iliishia pale kijana anapofika nyumbani kwa msichana, anasimama mlangoni na kuinua mkono abishe hodi. Kijana wa watu alikuwa ameinua mkono huo tangu mvua za mwaka uliopita. Kila Breki alipoandika sentensi ya kumsogeza, mguu ulikanyaga chini ya meza na sentensi ikasimama hapo hapo. Alifuta, akaandika, akafuta. Mkono wa yule kijana ulishakufa ganzi.

Mke wake alikuwa fundi wa mapazia, na hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu. Pazia lake lilifika chini au halikutundikwa kabisa. Siku moja, akimsubiri mteja, alisoma kwenye simu makala iliyoeleza namna mwandishi anavyopaswa kujitunza ili akili yake izae. Alimsomea mumewe wakati wa chakula: mwandishi apumzike, anywe maji ya kutosha, atembee, awe na kitu kizuri cha kutazama, na zaidi ya yote apate ukimya. Breki aliitikia "kweli kabisa" bila kusikiliza, kosa linalowaponza waume wengi. Kesho yake alianza kutunzwa.

Alianza na matembezi. Akirudi kutoka kazini alipokonywa mkoba mlangoni na kuambiwa akatembee, asifikirie chochote. Ni jambo rahisi kwenye makala. Mtaani kwao, mtu mzima anayetembea mikono mitupu, bila mzigo wala pa kwenda, anahitaji maelezo.

"Unakwenda wapi, Mwalimu?" aliuliza kinyozi.

"Natembea tu."

"Natembea tu ndiyo wapi?"

Alipopita tena, kinyozi alishawaambia wateja kwamba Breki amefukuzwa kazi na mkewe bado hajaambiwa. Aliporudi nyumbani mwenye duka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ajikaze, mambo haya hupita. Hakupata wazo hata moja la riwaya, ila alipewa pole nyingi sana.

Kupumzika nako kulikuwa kazi. Kila alasiri alilazwa chali kitandani, na kila baada ya muda mfupi mlango ulifunguka kidogo. "Umelala?" mke aliuliza. "Nimelala," Breki alijibu. Maji aliyanywa jagi kwa jagi, na muda wote aliotengewa wa kuandika aliutumia kwenda chooni na kurudi. Kitu kizuri cha kutazama kilikuwa ua ndani ya chupa juu ya meza yake, na ua lilikuja na sisimizi, na sisimizi waliipenda kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetoka ofisini kwao ilipozeeka, na vitufe vyake viligonga kwa kelele kila alipovibonyeza. Sisimizi walihamia chini ya vitufe hivyo na kupafanya kwao.

Ulibaki ukimya.

Hapa inabidi nimtaje mama mkwe, na nikimtaja sitanii. Alikuwa amefiwa na mumewe si muda mrefu, na bintiye alimchukua akae nao. Alikuja na sanduku moja na kanga zake, akaketi sebuleni akitazama ukuta, na maneno yakamwishia. Hakuwa mgonjwa. Daktari alimpima kila mahali akasema yuko salama. Alijibu "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba", basi. Mke wa Breki alimtazama kwa juu ya cherehani, machozi yakamtoka, na alipoulizwa alisingizia vumbi la vitambaa. Lilimuuma sana jambo hili, kwa sababu mama yake alikuwa yule yule, kanga zile zile, na hakuwepo.

Sasa chumba cha kuandikia cha Breki kilikuwa stoo ya vitambaa mwisho wa nyumba, na dirisha lake lilitazama uchochoro ambao nusu ya mtaa waliutumia kama njia ya mkato. Mke alitoa kigoda, akakiweka chini ya dirisha, akamshika mama yake mkono.

"Mama, kazi yako ni moja tu," alimwambia. "Mtu akipita, mwambie anyamaze. Mkweo anaandika."

Alimpa kazi hiyo ili angalau atazame watu badala ya ukuta. Hakutegemea zaidi ya hapo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi bomba alipita akipiga mluzi, mama mkwe akainua kidole mdomoni, fundi akanywea. Breki aliifurahia sana alasiri ile, ingawa hakuandika kitu. Siku iliyofuata walipita wanawake wawili wakibishana juu ya ndoo ya nani.

"Nyamazeni," alisema mama mkwe. "Mkwe wangu anaandika."

"Anaandika nini?" aliuliza mmoja wao.

Swali lile lilidai jibu, na mama mkwe hakuwa nalo, kwa hiyo akalitunga. Alieleza kwa kirefu. Wale wanawake waliisahau ndoo. Kuanzia hapo mdomo ulifunguka, na sikusikia kwamba kuna aliyejaribu kuufunga akafanikiwa.

Haikuchukua wiki, mama mkwe akawa ananyamazisha watu kabla hawajaingia uchochoroni. Aliwaona kwa mbali, akawapazia sauti wawe kimya. "Wewe mwenye toroli," nyumba nzima ilimsikia, "usipite hapa na gurudumu linalolia. Libebe." Mwenye toroli, mtu mpole, alilipakua, akalibeba toroli kichwani mpaka upande wa pili, akarudi kuchukua mzigo wake, na kila aliporudi alielezwa upya kwa nini mwandishi hapigiwi kelele. Mtu mmoja aliyepita kimya kabisa alisimamishwa ili asifiwe kwa ukimya wake, na sifa hizo zilichukua muda mrefu kuliko kelele zozote ambazo angepiga. Watu wakaanza kuja makusudi. Walileta vigoda vyao. Uchochoro uliokuwa njia ya mkato ukawa mahali pa kupigia soga, na mada ilikuwa moja: umuhimu wa utulivu.

Ndani, Breki alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja mbio na kijana wake bado yuko mlangoni.

Mtu mwingine angefungua dirisha akasema "nyamaza". Lakini huyu ni mama mkwe. Humwambii mama mkwe anyamaze. Hata mlo wako humalizi mbele yake bila kujishika shika. Breki aliitafuta namna ya kulisema hilo kwa adabu, akajaribia mbele ya kioo: "Mama, shikamoo, samahani, kama haitakuwa usumbufu, kwa heshima zote..." Kila alipokaribia penyewe, mguu ulikanyaga breki. Mwishowe aliamua kupitia kwa mkewe, maana mtoto kwa mzazi wake ana njia zake.

Alimkuta mbele ya cherehani. Cherehani ilikuwa imesimama. Pazia lilikuwa limeangukia sakafuni na yeye ameweka kiganja mdomoni, anasikiliza sauti inayopenya ukutani, anacheka na kulia kwa pamoja bila hata kusingizia vumbi.

"Unamsikia?" alimuuliza mumewe.

"Namsikia."

"Hajaongea hivi tangu tumzike baba."

Breki aliokota pazia sakafuni. "Nimefuata maji," alisema.

"Unaona sasa," mkewe alisema kwa furaha, akamjazia jagi. Alilinywa lote, afanyeje.

Basi akawa amebanwa pande zote mbili. Akimnyamazisha mama, angemaliza kitabu na kumrudisha mzee wa watu kwenye ukuta wake. Akimwacha aongee, mhariri angempa mtu mwingine nafasi, na mkewe angepita mbele ya kinyozi na mwenye duka akiwa mke wa mtu aliyekuwa karibu kuandika kitabu. Alijaribu pamba masikioni. Sauti ya mama mkwe ilizipita pamba ikaja na zaidi. Alijaribu kuandikia garini, wakati wa somo, kalamu mkononi na mwanafunzi kwenye usukani. Alipotafuta neno la kueleza macho ya msichana, gari lilipanda ukingo wa barabara na kumpa neno lingine kabisa.

Kisha ikaja alasiri moja ambayo maji yalishamfika shingoni. Alikaa mbele ya kompyuta, akautazama mkono wa yule kijana ulioinuliwa, na nje mama mkwe alikuwa amemweka kati fundi bomba, ambaye alikuwa amepita tu kwenda kazini.

"Unaingia kwa watu na viatu hivyo?" alikuwa akimuuliza. "Mama yako yuko hai? Anajua umetoka na shati hilo? Usiniangalie mimi, angalia shati. Umeoa? Hujaoa. Nimelijua hilo kabla hujafungua mdomo. Simama wima unapoongea na watu, unajikunja kwa nini, umeiba?"

Kwa hasira tu, kwa kukomoa, Breki akaanza kuchapa alichokisikia, neno kwa neno, viatu, shati na yote. Alipofika "umeiba" alisimama, akarudi juu kusoma, na akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mlango wa riwaya ulikuwa umefunguka. Aliyeufungua hakuwa msichana. Alikuwa mama yake msichana, amejaa mlango mzima, na yule kijana, mkono ukiwa bado hewani, alikuwa anatetemeka kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Chini ya meza mguu wa kulia ulikuwa umetulia tuli.

Tangu siku hiyo Breki alikuwa mwizi wa wazi. Mama mkwe alisema nje, yeye akachapa ndani. Mama wa kwenye riwaya alikikalia kitabu chote. Kijana alisahau alichofuata. Msichana, mrembo ambaye Breki alitumia muda mrefu kumpamba, alibakiwa na sentensi mbili, na moja ilikuwa "ndiyo, mama". Mama mkwe aliponyamaza kunywa maji, vidole vya Breki navyo vilisimama, akabaki anatazama dirisha roho juu. Na kila mara, kwa bahati nzuri, mama alianza tena. Wakati mwingine alianza kwa jambo dogo sana. Siku moja alimgombeza paka kwa urefu wa kurasa tatu. Sisimizi walihama kwa kukosa usingizi. Riwaya ilifungwa kwa harusi, kwa sababu mama ndiye aliyeamua iwe hivyo, na Breki aliituma kabla mwezi haujaisha, akalala mchana kwa hiari yake mwenyewe.

Mhariri alipiga simu wakiwa wote watatu sebuleni. Mke alibonyeza kipaza sauti ili asipitwe. Mhariri alisema wanachapisha. Alisema alipoikumbuka njiani alicheka mpaka akaegesha gari pembeni. Kisha akauliza, "Yule mama umemtoa wapi?"

Breki alimtazama mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele kwa umakini mkubwa.

"Nimembuni," alisema, na mguu ukakanyaga sakafu kwa nguvu hata meza ikatikisika.

Mke alipotoka mbio kwenda kwa kinyozi na mwenye duka, wakabaki wawili. Mama mkwe alitoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka pembeni.

"Lile la shati lilikuwa zuri," alisema. "Umelitia?"

Breki alitamani ardhi ipasuke. "Mama, ulijuaje?"

"Dirisha lile halifungi vizuri. Nikiongea, vile vidude vyako vinagonga. Nikinyamaza, vinanyamaza. Nikasema basi, nisinyamaze, mtu wa watu amalize kazi yake." Alichambua tena kidogo. "Kuna siku sikuwa na la kusema kabisa. Nilimgombeza paka wa watu bure."

Breki aliinama akamsaidia kuchambua mchele, vibaya, mpaka akaombwa aache.

Mke wake, kama nilivyosema, hafanyi jambo nusu nusu. Kazi imekwisha, kigoda akakirudisha ndani, akakifuta vumbi na kukipanga mahali pake. Uchochoro ukarudi kuwa njia. Watu walipita wakakuta dirisha limefungwa, wakaenda zao. Breki aliporudi kutoka kazini siku chache baadaye alimkuta mama mkwe sebuleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Umeshindaje?"

"Salama."

"Umekula?"

"Nimeshiba."

Alikuwa anatazama ukuta.

Breki alisimama na mkoba wake. Alikuwa ameapa kwamba hatagusa kompyuta mpaka mwaka upinduke. Kichwani hakuwa na hadithi, hakuwa na kijana wala mlango, alikuwa mtupu kabisa. Alikwenda akakichukua kigoda, akakitoa nje, akakiweka chini ya dirisha, akarudi.

"Mama, naomba unisaidie," alisema. "Nimeanza kingine."

Mama mkwe aligeuza kichwa polepole. "Kinahusu nini?"

"Bado sijajua."

"Hujajua na umeanza."

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe akajifunga kanga vizuri, akatoka. Breki aliingia stoo, akawasha kompyuta, akakaa. Nje kulikuwa kimya. Ukurasa ulikuwa mweupe. Alingoja sauti, haikuja, akaelewa kwamba mama naye huko nje anangoja. Basi akaweka vidole kwenye vitufe na kugonga herufi zozote, bila neno, bila maana, kwa nguvu ili zisikike dirishani.

Nje mama mkwe akakohoa kidogo kusafisha koo. Mwenye toroli alikuwa anapita, toroli kichwani, kwa mazoea.

"Kaa kidogo," alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile ambayo Breki hakuwa ameisikia kamwe. "Mume wangu alikuwa anakoroma. Alikoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Miaka yote nilimpiga kiwiko, nikimwambia nyamaza, nyamaza nilale. Sasa amenyamaza, na mimi silali."

Ndani, Breki hakuandika hata neno moja la hayo. Aligonga tu herufi iliyokuwa karibu na kidole, kisha nyingine, na nyingine, akaendelea kugonga ili mama aendelee kusema.